Kwa Motokaa Katika Kisiwa Kilichogawanyika



Kila mwaka, wakati wa likizo kubwa, ndugu zetu wengi wanaokaa Ubelgiji na Ufaransa hutengeneza motokaa zao, huwapakia watoto na mizigo, wakaenda kutembelea nchi nyingine. Wengi huelekea kusini kulifuata jua. Leo nataka kuwaongoza upande wa magharibi, mpaka kisiwa chenye mvua nyingi na majani mabichi mwaka mzima. Jina lake Ayalandi. Nanyi mnaokaa Kongo, njoni pamoja nasi, hasa ninyi wanafunzi. Fungueni ramani ya Ulaya, mweke kidole mahali tutakapopita. Safari ya ramani haina nauli.

Kwa nini kisiwa hiki? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kisiwa kimoja chenye serikali mbili, na mpaka wake una mafundisho kwa watu wote wanaoishi karibu na mipaka, kama sisi. Ya pili, wana wa kisiwa hiki walifika kwetu Kongo zamani, na wengine walifia huku. Tutakutana nao njiani.

Namna kisiwa kilivyogawanyika

Ayalandi ina eneo la kilometri za mraba 84,000 hivi, na kaunti 32. Kwa karne nyingi ilitawaliwa na Waingereza. Katika karne ya 17 walowezi wengi Waprotestanti, waliotoka Uskoti na Uingereza, walipewa mashamba upande wa kaskazini, na wenyeji Wakatoliki wakanyang'anywa ardhi yao. Tangu hapo watu wa kaskazini walikuwa jamaa mbili zilizoishi jirani bila kuaminiana. Wengine walitaka kubaki na mfalme wa Uingereza, wengine walitaka kujitawala.

Mwaka 1921 kisiwa kilikatwa vipande viwili. Kaunti 6 za kaskazini zilibaki kwa Uingereza. Kaunti 26 zikawa nchi yenye serikali yake tangu 1922, na jamhuri kamili tangu 1949. Mpaka una urefu wa kilometri karibu 500. Waliouweka hawakutafuta mlima mrefu wala mto mkubwa. Walifuata tu mipaka ya zamani ya kaunti. Ndiyo sababu hupita katikati ya mashamba na vijiji. Barabara moja kati ya mji wa Clones na mji wa Cavan huvuka mpaka mara nne kwa kilometri chache tu.

Tangu 1923 forodha zilijengwa mpakani. Mwenye motokaa alipaswa kupita njia zilizoruhusiwa tu, na kuwa na kitabu cha kugongwa muhuri kila alipovuka, ili isidhaniwe kwamba ameiuza motokaa yake ng'ambo. Baadaye yakaja mabaya zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 watu walianza kuuana kaskazini, na kwa muda wa miaka 30 walikufa zaidi ya 3,500. Jeshi la Waingereza lilivunja au kuziba njia nyingi ndogo za mpakani, likajenga minara ya ulinzi juu ya vilima. Mkulima aliyekuwa na ng'ombe ng'ambo ya njia yake alilazimika kuzunguka mbali ili awafikie.

Shika moyoni habari hiyo, msomaji, maana utakapofika mpakani hutauona hata mmoja wa minara hiyo.

Meli, hati na mkono wa kushoto

Anayetoka Ubelgiji au Ufaransa aweza kuiingiza motokaa yake melini huko Dunkerque, Cherbourg au Roscoff. Meli ya Dunkerque hufika bandari ya Rosslare, kusini mwa Ayalandi, baada ya siku nzima, mchana na usiku. Ya Cherbourg hutumia saa 17 au 18 hivi, na ile ya Roscoff huenda Cork kwa saa 14 hivi. Tangu Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, meli za namna hii zimeongezeka sana, kwa sababu wenye malori hawapendi kupita Uingereza na kusimama forodhani mara mbili. Familia nazo zimefaidika.

Faida ya kwenda na motokaa yako mwenyewe ni wazi. Mizigo ya watoto haipimwi kwa kilo kama katika ndege, na utafika mahali ambapo gari la moshi halifiki. Kaunti ya Donegal, kwa mfano, haijaunganishwa na reli ya nchi.

Sasa sikilizeni neno kubwa kuliko yote. Mpaka kati ya kusini na kaskazini hauna lango wala askari wa kudumu anayeuliza hati, lakini sheria ya kila nchi ingali pale pale. Jamhuri ya Ayalandi haimo katika mapatano ya Schengen. Mwenye paspoti ya Kongo, hata akiwa na kadi ya kukaa Ubelgiji, kwa kawaida ahitaji viza ya Ayalandi. Na akitaka kwenda Belfast, ahitaji tena viza ya Uingereza. Viza ya Ayalandi nayo iwe ya kuingia mara nyingi. Maana avukaye kwenda kaskazini ametoka katika nchi, na akirudi anaingia upya, ingawa hakuna aliyemwona.

Hata yule aliyepata uraia wa Ubelgiji hawezi kwenda kaskazini kwa kitambulisho tu. Yapasa awe na paspoti, na tangu Aprili 2025 yapasa aombe kwanza ruhusa ya Waingereza kwa njia ya simu au intaneti. Wengine watakuambia, "Nenda tu, hakuna anayetazama." Mara nyingi ni kweli. Lakini polisi hupanda mabasi na kuuliza hati, na huweza kuuliza popote. Baba mwenye busara hajengi likizo ya watoto wake juu ya bahati. Kwa mzungu mwenye paspoti ya nchi yake mpaka huu ni kama haupo. Kwetu sisi upo, ingawa hauonekani. Basi mwenye kuujua ajitayarishe mapema.

Mambo ya motokaa yenyewe si mengi. Waulize watu wa bima kama hati yako yafaa kwa nchi zote mbili, nao wakuandikie. Bandika vibandiko juu ya taa za mbele, ili mwanga usiwapofushe wanaokuja, kwa maana kisiwa kizima huendesha upande wa kushoto. Siku ya kwanza mtu hukumbuka sana. Hatari huja siku ya tatu asubuhi, atokapo kituo cha petroli njia ikiwa tupu, na mkono uliozoea ukamvuta kuume. Mama au mtoto mkubwa aseme kwa sauti kila mara: "Kushoto!"

Tena, kusini hupima mwendo kwa kilometri tangu 2005, na kaskazini hupima kwa maili. Ukiona 60 kusini, ni kilometri 60 kwa saa. Ukiona 60 kaskazini, ni maili 60, ndizo kilometri 96 hivi. Mwanafunzi hodari wa hesabu aketi karibu na baba yake. Fedha nazo ni mbili: yuro kusini, pauni kaskazini. Na karibu na Dublin iko barabara kuu, M50, ambayo ushuru wake hauna kibanda cha kulipia. Mashine hupiga picha namba ya motokaa, nawe walipa mwenyewe kabla ya saa mbili usiku ya siku inayofuata. Asiyelipa huongezewa deni.

Makaburi ya Dublin

Toka Rosslare mpaka Dublin ni kilometri 150 na zaidi. Katika mji huo mkuu wageni hutafuta majumba na vitabu vya kale. Mkongo na aende kwanza kwenye makaburi ya Glasnevin.

Mwaka 1960, nchi yetu ilipopata uhuru na kuingia katika machafuko, Ayalandi ilituma askari wake chini ya Umoja wa Mataifa. Lilikuwa taifa dogo, na kwa mara ya kwanza lilituma vikosi vizima ng'ambo ya bahari kulinda amani. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga, kikundi chao kilifika penye daraja lililovunjwa. Wapiganaji wa Kiluba, waliokuwa na hofu ya askari wa Katanga na wazungu wa kukodiwa, waliwashambulia, na Waayalandi 9 wakapoteza maisha. Mwezi wa Septemba 1961, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, kikosi kingine kilizingirwa siku tano mpaka maji na risasi vikaisha. Wengi wa wale wa Niemba wamezikwa Glasnevin. Walikuja kututuliza, wakauawa na watu waliodhani ni adui. Ni vema Mkongo asimame hapo kidogo, avue kofia, awaombee wao na waliowaua.

Katika makaburi hayo hayo yumo Roger Casement, mzaliwa wa karibu na Dublin. Alikuwa konsuli wa Uingereza katika Kongo, na mwaka 1904 taarifa yake juu ya mateso ya watu wetu katika kazi ya mpira, enzi ya mfalme Leopold II, ilichapishwa na kuushtua ulimwengu. Baadaye alijiunga na waliotaka uhuru wa Ayalandi, na Waingereza walimnyonga London mwaka 1916. Yeye alitaka azikwe Murlough Bay, pwani ya kaskazini ya kisiwa. Mwaka 1965 mifupa yake ilirudishwa, lakini Waingereza waliweka sharti: isizikwe kaskazini. Ndiyo maana yumo Dublin. Kumbe mpaka waweza kumzuia hata maiti.

Mlango usioonekana

Tunaendelea kaskazini. Baada ya kilometri 50 hivi ni Drogheda. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro kimehifadhiwa kichwa cha Mtakatifu Oliver Plunkett, askofu mkuu wa Armagh, aliyeuawa London mwaka 1681 kwa mashtaka ya uwongo. Karibu na mji huu, tarehe 29 Septemba 1979, Papa Yohane Paulo II aliwasihi wenye kutumia silaha waiache njia ya damu. Ilikuwa imefikiriwa aende mpaka Armagh, lakini mwezi mmoja kabla yalitokea mauaji makubwa, nayo safari ya kaskazini ikaachwa. Drogheda iko kusini mwa mpaka, lakini imo katika jimbo la Armagh. Kwa namna hiyo Papa alifika kwa kondoo wa Armagh bila kuvuka mpaka. Maana Kanisa halikukubali kukatwa na mstari ule. Majimbo ya Armagh, Clogher na Derry yana parokia pande zote mbili hata leo.

Kati ya Dundalk na Newry ndipo penye mpaka. Watoto watauliza, "Baba, tumefika?" nawe utakuwa umekwisha kupita. Tazama alama hizi: mstari wa pembeni mwa barabara ulikuwa wa manjano, sasa ni mweupe. Vibao vya hatari vilikuwa vya manjano, umbo la almasi. Sasa ni pembetatu yenye ukingo mwekundu. Kusini majina ya miji yaliandikwa kwa lugha mbili, Kiayalandi na Kiingereza. Sasa hasa kwa Kiingereza. Sanduku la posta lilikuwa la kijani, sasa ni jekundu. Basi, ni hayo tu. Leo njia za motokaa zinazovuka mpaka ni zaidi ya 200.

Aliyekaa foleni ya malori huko Kasumbalesa, jua likimchoma, atashangaa kuliko mzungu. Atauliza: nani aliyeyaondoa yote?

Jibu ni hili. Forodha ziliondoka mwaka 1993, nchi za Umoja wa Ulaya zilipoondoa ukaguzi wa forodha kati yao. Askari waliondoka kwa sababu ya Mapatano ya Ijumaa Kuu, yaliyofanywa Belfast tarehe 10 Aprili 1998. Watu wa pande zote mbili walipiga kura mwezi uliofuata: kaskazini 71 kwa mia walikubali, na kusini 94 kwa mia. Mapatano hayakuufuta mpaka. Yalisema kwamba mzaliwa wa kaskazini aweza kuwa Mwingereza, au Mwayalandi, au vyote viwili, apendavyo mwenyewe; na kwamba kisiwa hakitaunganishwa ila kwa kura ya wengi. Hapo bunduki zilikosa kazi. Minara ya mwisho ilibomolewa kabla ya mwisho wa mwaka 2007.

Miji mitatu ya kaskazini

Kabla ya Belfast pinda kidogo uende Armagh. Mji huu mdogo una makanisa makuu mawili juu ya vilima viwili vinavyotazamana. La kwanza, la kale, ni la Waanglikana. La pili, lenye minara miwili mirefu, ni la Wakatoliki. Yote mawili yana jina la Mtakatifu Patrisi, mhubiri wa Injili katika kisiwa hiki. Baba ni mmoja, watoto walijenga nyumba mbili. Mwenye kutazama kutoka kilima kimoja hawezi kukosa kukiona cha pili.

Belfast ni mji wa mafundi wa meli. Titanic iliundwa hapa. Lakini usiishie bandarini. Kati ya mtaa wa Wakatoliki, Falls, na mtaa wa Waprotestanti, Shankill, kuna kuta ndefu zilizoanza kujengwa mwaka 1969. Zinaitwa kuta za amani, na milango mingine hufungwa usiku. Serikali ya kaskazini iliahidi mwaka 2013 kwamba zitaondolewa zote kufikia 2023, lakini mwaka huo ulipita zingali zimesimama. Wanaokaa karibu nazo wengine husema bado waogopa. Hapo twaona kwamba ni rahisi kuondoa ukuta kati ya nchi mbili kuliko kati ya majirani wawili waliozikana watoto.

Toka Belfast fuata pwani ya Antrim, bahari mkono wa kuume. Utapita karibu na Murlough Bay, kaburi alilolitaka Casement asilipate. Mbele yake ni Giant's Causeway, penye nguzo 40,000 hivi za mawe meusi, nyingi zenye pande sita, kana kwamba fundi amezichonga. Ni moto wa volkano uliopoa zamani, yapata miaka milioni 60. Wenzetu wa Goma watalitambua jiwe hilo.

Kisha Derry. Hata jina la mji huu limegawanyika: wengine husema Londonderry. Kuta zake za mawe zilijengwa kati ya 1613 na 1619, na waweza kuzizunguka juu kwa miguu. Chini yake ni Bogside, mtaa wa Wakatoliki, ambapo tarehe 30 Januari 1972 askari Waingereza walipiga risasi watu walioandamana bila silaha. 13 walikufa siku ile, na mmoja baadaye. Ilichukua miaka 38 mpaka serikali ya Uingereza kukiri, mwaka 2010, kwamba tendo lile halikuwa na haki yoyote, na kuomba radhi mbele ya bunge.

Katika mji huu alizaliwa mtu ambaye walimu wote yawapasa kumjua: John Hume. Alisoma seminarini Maynooth, hakuwa padri, akawa mwalimu katika mji wake. Mwaka 1960 yeye na wenzake walianzisha chama cha kuweka na kukopa ili maskini wasiliwe na wakopeshaji. Baadaye aliingia siasa, akakubali kuzungumza na wenye bunduki wakati wengi walipomtukana kwa kufanya hivyo. Mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na David Trimble, kiongozi wa upande wa pili. Alikufa mwaka 2020. Tangu 2011 daraja la watu wa miguu na baiskeli limeunganisha ng'ambo mbili za mto Foyle, na wakazi huliita Daraja la Amani.

Kaskazini iliyo kusini

Wanafunzi, hapa kuna fumbo la kuwauliza wenzenu. Ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, Malin Head, haimo katika Ayalandi ya Kaskazini! Imo katika Donegal, kaunti ya ile nchi ambayo watu huiita "kusini". Ndiyo hivyo mipaka ya wanadamu ilivyo; dira haiifahamu.

Toka huko shuka mpaka kijiji cha Pettigo. Mto mdogo hukipasua, na ng'ambo moja ni Jamhuri, ng'ambo ya pili ni Uingereza. Karibu nacho ni ziwa la Lough Derg, lenye kisiwa kidogo cha hija. Mahujaji hukaa siku tatu pasipo viatu, hukesha usiku wa kwanza wakisali, na chakula chao ni mkate mkavu na chai isiyo na maziwa. Desturi hii ni ya karne nyingi. Hata katika miaka ya vita mahujaji walikuja, kutoka pande zote mbili.

Safari inaishia hapa. Njia ya kurudi Rosslare mnaiona katika ramani. Ni mafundisho gani tutakayobeba? Watu wa kisiwa hiki hawakukubaliana mpaka uwe wapi, wala uwepo au usiwepo. Hata leo hawajakubaliana. Waliloweza ni kuufanya mwepesi, hata mkulima awafikie ng'ombe wake na mtoto aende shule ng'ambo bila kuulizwa kitu. Walianza na mambo madogo, kama kile chama cha akiba cha mwalimu mmoja na wenzake, nao walingoja miaka mingi.

Nawe, baba wa familia, uendapo, angalia hati zako, shika kushoto, na penye mpaka simamisha motokaa mahali pa salama kando ya njia. Waonyeshe watoto mstari wa manjano unapokwisha na mweupe unapoanza. Waambie ni watu wangapi walikufa kabla ya kuwa hivyo. Safari njema.